Mitupo Mia Mbili

Duka la Kashindi, pale Mwanga, linauza nyavu na viberiti,
maboya, betri, sufuria zenye vibandiko,
na nyuma ya mlango, zimefungwa kwa kamba ya katani,
fimbo tatu za kuvulia.
Nilikwenda siku ya mshahara, viatu vya wodi bado miguuni.

Popa nilikuwa nayo tayari:
kigogo cha rangi ya dagaa, mdomo umechimbwa kama kijiko,
shemeji alikileta kutoka Tanga ndani ya soksi.
Hakizami. Ukikivuta kinatema maji, bwaku!
kinasimama. Bwaku!
Na samaki mwenye hasira hupanda kuangalia
nani anapiga kelele juu ya paa lake.
Ndivyo nilivyoambiwa.

Fimbo ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeusi,
inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Niliipenda kabla sijaishika.
Kashindi hakusema kitu. Alichukua kigogo changu,
akavuka barabara hadi kwa muuza dagaa, akakipima.
"Gramu hamsini. Betri ndogo mbili za redio."
Kisha akanisomea maandishi juu ya mpini:
themanini hadi mia na hamsini.
"Hii ilizaliwa kurusha gunzi. Wewe una punje."

Ya pili ilikuwa nyepesi kama ahadi.
Alifunga jiwe la mizani kwenye uzi wake, akainyanyua:
ncha ikainama, tumbo likafuata,
mpini nao ukataka kusujudu.
"Haina mgongo. Sangala akikimbilia mawe ya Bangwe,
hii haitamzuia. Itamsindikiza."

Ya tatu sikuitazama mpaka aliponipa.
Rangi ya chai iliyopoa. Imenipita kichwa kwa shubiri mbili.
Pete moja imefungwa upya kwa uzi mwekundu,
mwenyewe alihamia Mpanda, akaiacha rehani.

Nyuma ya duka, kigogo kimevuliwa ndoano,
nikarusha kuelekea rundo la matofali.
Mmoja. Kumi. Mbuzi akahama.
Ishirini, akaja mtoto kunihesabia kwa sauti,
na kila mara akiiruka kumi na saba.
Kashindi akapuliza kahawa yake.
"Kila fimbo ni nzuri kwa mtupo mmoja," akasema.
"Nunua ya mia mbili."

"Lakini imeandikwa maji ya chumvi."
"Sangala hajasoma."

Nikalipa elfu tisini, na elfu tano ya deni.

Mama hukaanga mikebuka Kibirizi.
Aliitazama fimbo kama mtu anavyomtazama
mkwe asiye na kazi.
"Baba yako alivua kwa kidole."
Kweli. Uzi ulimchora hapa, kwenye kiungo,
na kwa mchoro huo alijua, gizani,
kama chini kuna kuhe au kuna jiwe.
Sikumjibu. Nilipapasa ule uzi mwekundu.

Jumapili, Katonga, juu ya mwamba.
Milima ya Kongo imeshapata jua, sisi bado.
Bwaku.
Ncha inarudi mahali pake haraka, hainipigii kelele mkononi.
Bwaku.
Mtupo wa sitini, maji yakavimba nyuma ya kigogo,
yakafikiri,
yakalala.
Kuanzia hapo sikuhesabu vizuri.
Mia na kitu. Mia na tisini. Kumi na saba niliziruka zote.

Nikarudi kwa miguu, fimbo begani, kigogo kinanuka ziwa.
"Umeleta nini?" Mama, bila kugeuka kutoka kwenye karai.
"Bega," nikasema. "Bega zima."
Mabega yake yeye yakatikisika kidogo, sijui kwa moshi au kwa kicheko.
Akaendelea kugeuza samaki wa watu kwenye mafuta.